Wingu, Ghala na Stakabadhi: Istilahi za Kulinda Mamlaka ya Biashara juu ya Data Zake

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa wakati daftari lilikuwa kitu cha kuonekana na kushikika: kitabu chenye jalada gumu kilichofungiwa katika mtoto wa meza, na ufunguo wake ukakaa mfukoni mwa mwenye duka. Leo daftari limebadilika. Orodha ya wadeni, hesabu za mauzo, mishahara ya wafanyakazi, bei za jumla na anwani za wateja huandikwa katika kompyuta au simu, kisha hutunzwa mahali ambapo mwenye biashara hajapata kupaona, wala hana hakika pako nchi gani. Akiulizwa daftari lake liko wapi, hujibu kwa maneno mawili tu: 'Kwenye wingu.'

Makala haya yanakusudia kulichunguza jibu hilo. Hatukusudii kufundisha ufundi wa kompyuta, kwani kazi hiyo ina wenyewe. Kazi yetu ni maneno. Hata hivyo, katika shughuli za kusanifu tafsiri za mikataba tumeona kwamba maneno 'mwenye', 'mtunzaji' na 'mtumiaji' huchanganywa kana kwamba yana maana moja, na kwamba mkanganyiko huo haukomei kwenye lugha. Mtu asiyekuwa na neno la kutofautisha mali yake na chumba inamotunzwa aweza kutia sahihi na kuikabidhi mali pamoja na chumba. Kwa hiyo tutaeleza kwanza neno 'wingu' lilivyozuka, kisha tutalilinganisha na neno lingine ambalo wakulima wetu wanalifahamu vizuri, na mwisho tutapendekeza istilahi chache ambazo zaweza kumsaidia mwenye biashara kushika hatamu za data zake.

2. Asili ya neno 'wingu'

Istilahi hii haikutoka angani. Wahandisi wa simu na wa mitandao ya kompyuta walipokuwa wakichora ramani za mitambo yao, walichora kwa uangalifu kila kifaa kilichowahusu. Sehemu ya mtandao ambayo undani wake haukuhitajika katika mchoro waliizungushia mstari wenye umbo la wingu. Maana ya alama hiyo ilikuwa dhahiri: 'Humu ndani mna mambo mengi, lakini kwa sasa si lazima tuyajue.' Baadaye, hasa baada ya kampuni ya Amazon ya Marekani kuanza mwaka 2006 kuuza hifadhi ya data na kukodisha nguvu za kompyuta kwa kipimo cha matumizi, neno la mchoro likawa jina la biashara nzima.

Kiswahili kililipokea neno hilo kwa njia ya tafsiri ya moja kwa moja, njia ambayo ni halali na imetupatia istilahi nyingi nzuri. Lakini wingu la Kiswahili lina sifa zake. Wingu liko juu, halina mwenyewe, halitozi ada, halina mlango wala mlinzi, na upepo ukivuma huenda litakako. Huduma tunayoizungumzia haina hata sifa moja kati ya hizo. Ni jengo la saruji lililojaa kompyuta ziitwazo seva, lenye mitambo ya kupoza joto, jenereta, uzio na walinzi. Lina mwenyewe aliyesajiliwa kisheria katika nchi fulani, na liko katika ardhi ya nchi fulani, ambayo huenda isiwe ileile. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, ilifungua majengo ya namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua yake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024.

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Alama iliyobuniwa ili kumwambia mhandisi kwamba undani hauhitajiki sasa inamwambia mfanyabiashara jambo hilohilo, na kwa mfanyabiashara undani ndio unaohitajika kuliko vyote. Ni wajibu wake kujua mali yake imelala wapi, iko chini ya ulinzi wa nani, na atairudishiwa kwa masharti gani.

3. Neno la pili: ghala

Lugha yetu haikosi neno linalozaa maswali hayo lenyewe. Neno hilo ni ghala.

Mkulima wa korosho wa Mtwara hahitaji kufafanuliwa tofauti kati ya mwenye mali na mtunza mali. Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005 iliweka utaratibu, na tangu msimu wa 2007/2008 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo huo, maarufu kwa jina la stakabadhi ghalani. Korosho hupimwa, hupangwa daraja na kuhifadhiwa katika ghala lenye leseni. Mwendesha ghala hutoa stakabadhi inayoonyesha kiasi na ubora wa mali aliyoipokea. Tangu hapo mali imo mikononi mwake lakini haijawa yake. Hana ruhusa ya kuiuza kana kwamba ni yake, wala kumnyima mwenye stakabadhi halali mzigo wake baada ya ada ya utunzaji kulipwa. Mkulima halali ghalani, tena hana haja ya kulala humo. Nguvu yake imo katika karatasi aliyoishika na sheria iliyo nyuma ya karatasi hiyo.

Sasa tuchukue mfano wa chama cha kuweka na kukopa kilichohamishia hesabu za wanachama wake kwenye wingu. Je, chama hicho kimepewa stakabadhi gani? Kina maandishi yanayotaja data zilizopokewa, mahali zilipo, idadi ya nakala zake, na siku ngapi zitatosha kuzirudisha zikidaiwa? Mara nyingi kilicho nacho ni alama ya kukubali masharti marefu yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, ambayo hakuna mjumbe wa bodi aliyeyasoma hadi mwisho. Mkulima wa gunia moja la korosho ana ushahidi bora zaidi wa mali yake kuliko chama chenye akiba za mamia ya watu.

Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka wake, na ni vyema tuutaje. Gunia la korosho haliwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Likiibwa, pengo huonekana. Data zaweza kunakiliwa na mgeni bila kuacha pengo lolote, na mwenyewe akaendelea kuziona zote asijue kwamba zimesomwa na mwingine. Kwa upande mwingine, sifa hiyohiyo humpa mwenye data fursa ambayo mkulima hana: aweza kuweka nakala ya pili katika ghala jingine kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mwenye data ana sababu zaidi ya kuwa macho, na ana nyenzo zaidi za kujilinda.

4. Yaliyokwisha kutokea

Pengine msomaji atasema kwamba kampuni hizi ni kubwa na zina wataalamu wengi. Ni kweli. Lakini tuyatazame matukio manne.

La kwanza ni la kampuni ya Nirvanix ya Marekani, iliyokuwa ikihifadhi data za makampuni mengine. Mwezi Septemba 2013 iliwaarifu wateja wake kwamba inafunga shughuli zake, na hapo mwanzo ikawapa takriban wiki mbili tu za kuondoa data zao. Ieleweke kwamba kuhamisha data nyingi kwa njia ya mtandao huchukua siku na hata wiki, sawa na kuhamisha shehena ya meli kwa mitumbwi.

La pili lilitokea Strasbourg, Ufaransa, usiku wa tarehe 10 Machi 2021. Moto uliteketeza jengo mojawapo la kampuni ya OVHcloud na kuharibu sehemu ya jengo jingine. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi baada ya usumbufu. Wengine hawakuwa na nakala kabisa, au nakala zao zilikuwa katika jengo lilelile, na miongoni mwao wapo waliopoteza data zao moja kwa moja. Usiku huo wingu liliungua kama liunguavyo ghala lolote.

La tatu ni la Australia, mwezi Mei 2024. Mfuko wa pensheni uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuwa ukitumia huduma za Google. Kwa sababu ya kosa la upangaji upande wa mtoa huduma, sehemu ya mazingira ya mfuko huo katika wingu ilifutwa. Wanachama walikaa takriban wiki moja bila kuweza kuziona akaunti zao. Mfuko uliokolewa na nakala za akiba, zikiwamo zile ulizokuwa umeziweka kwa mtoa huduma mwingine. Akiba haiozi, na katika tukio hilo akiba ndiyo iliyorudisha kumbukumbu za pensheni za watu laki sita.

La nne lilitugusa wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano ya intaneti yakazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Hakuna data iliyopotea katika tukio hilo. Lakini biashara ambayo daftari lake lote lilikuwa ng'ambo ya bahari, bila nakala yoyote ya karibu, ilikuwa na daftari isiyoweza kulifungua. Kuwa na mali na kuweza kuifikia siku ya haja ni mambo mawili.

5. Umiliki, utunzaji na mamlaka

Matukio hayo yanatuonyesha kwamba swali 'Data ni za nani?' halitoshi. Katika matukio yote manne hakuna aliyebisha kwamba data zilikuwa za wateja. Mikataba mingi ya wingu husema hivyo waziwazi. Kilichokosekana kwa walioumia hakikuwa umiliki. Kilikuwa ni uwezo wa kuutumia umiliki huo. Kwa hiyo tunahitaji kutenganisha mambo matatu.

Umiliki ni haki: kutambuliwa kwamba data ni zako. Utunzaji ni kazi: kuzihifadhi, kuzilinda na kuzitoa zinapohitajika. Mamlaka ni uwezo: kuamua nani azione, zikae wapi, zihamishwe lini na zifutwe lini, na amri hiyo ikatekelezeka. Utunzaji waweza kukodishwa bila madhara. Umiliki huwa ni wa jina tu pale mamlaka yanapokuwa yamekwenda kwa mwingine.

Mamlaka yana alama zake. Alama ya kwanza ni ufunguo. Data zaweza kusimbwa, yaani kugeuzwa kwa hesabu maalumu zisisomeke ila kwa mwenye ufunguo. Ikiwa ufunguo uko kwa mtunzaji peke yake, yeye na yeyote mwenye uwezo wa kumwamuru waweza kuzisoma. Jambo hili si la kinadharia: sheria iliyopitishwa Marekani mwezi Machi 2018 inaziwezesha mamlaka za nchi hiyo kuitaka kampuni iliyo chini ya sheria zao itoe data ilizo nazo hata kama jengo liko nje ya Marekani. Kwa hiyo haitoshi kuuliza jengo liko wapi. Yapasa kuuliza pia mwenye jengo anatii sheria ya nani.

Alama ya pili ni umbo la data. Mtunzaji aweza kukurudishia data zako zote katika umbo ambalo halifunguki ila kwa programu yake mwenyewe. Huko ni sawa na kurudishiwa sanduku bila ufunguo.

Alama ya tatu ni mlango wa kutokea. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida kuingiza data bure na kutozwa ada wakati wa kuzitoa, hata mteja akaona kuhama ni ghali kuliko kubaki. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inawataka watoa huduma waondoe vikwazo vya kuhama, na imeweka tarehe 12 Januari 2027 kuwa mwisho wa kutoza ada ya kuhama. Mabadiliko hayo hayakuja kwa hisani. Yalikuja pale wateja na serikali zao walipolipa tatizo jina na kulidai suluhisho lake.

6. Sheria yetu na maneno yake

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo imetupatia istilahi mbili muhimu: mkusanyaji na mchakataji. Mkusanyaji ndiye anayeamua madhumuni na njia za kuzichakata taarifa. Mchakataji huzichakata kwa niaba yake. Aidha, sheria inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi.

Kwa mtazamo wa istilahi tunaona jambo moja la kuangaliwa. Neno 'mkusanyaji' linataja tendo la kukusanya, hali fasili yake inataja tendo la kuamua. Mwenye hospitali au hoteli aweza kudhani kwamba wajibu wake umekwisha pale alipomaliza kukusanya na kuzipeleka taarifa kwenye wingu. Sivyo. Aliyeamua ndiye anayewajibika, hata data zikilala kwa mwingine. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, husikika neno 'mdhibiti', ambalo liko karibu zaidi na fasili. Istilahi ya kisheria haibadilishwi kwa makala, lakini ni wajibu wetu kuieleza ili isipotoshe.

Jambo la pili ni kwamba sheria hiyo inalinda taarifa za watu. Hesabu za biashara, bei, mipango na michoro ya bidhaa si taarifa binafsi, na kinga yake kubwa ni mkataba. Wakati huohuo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Mtunzaji akifilisika katika mwaka wa tatu, wajibu huo unabaki kwa mwenye biashara.

7. Je, tuliache wingu?

La hasha. Kompyuta iliyo chini ya meza ya karani nayo huibwa, huunguzwa na umeme unaokatika na kurudi ghafla, huvamiwa na virusi na kunyeshewa paa likivuja. Biashara ndogo haiwezi kuajiri mlinzi wa usiku, fundi wa umeme na mtaalamu wa usalama wa data kwa ajili ya daftari moja. Ghala la pamoja hupunguza gharama hizo, kama lilivyopunguza kwa mkulima. Tena ghala laweza kuwa hapahapa: Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam, na yapo makampuni binafsi yanayotoa huduma ya namna hiyo nchini. Lakini hata ghala la jirani lahitaji stakabadhi. Ukaribu si mamlaka.

Tunachosisitiza ni kwamba kukodi utunzaji kusigeuke kuwa kusalimisha mamlaka. Mfanyabiashara aulize maswali matano kabla ya kutia sahihi: Data zangu zitakaa nchi gani na chini ya sheria ya nani? Ufunguo atashika nani? Nakala ya pili iko wapi, na je, iko nje ya mikono ya mtunzaji huyuhuyu? Nikitaka kuhama, nitapewa data kwa umbo gani, kwa siku ngapi na kwa gharama gani? Na nikishahama, nitathibitishiwaje kwamba nakala zilizobaki zimefutwa? Kisha, angalau mara moja kwa mwaka, ajaribu kuirudisha nakala ya akiba na kuifungua. Nakala ambayo haijapata kujaribiwa ni matumaini tu.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Neno 'wingu' limekwisha enea na hatupendekezi liondolewe katika mazungumzo. Katika mikataba na maandishi rasmi, hata hivyo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zitumike:

(a) Ghala la data: jengo au mitambo inayohifadhi data za watu wengine kwa malipo. Itumike pale mkataba unapozungumzia hifadhi.

(b) Mwenye data: mtu au chombo chenye haki juu ya data na chenye kuamua matumizi yake.

(c) Mtunza data: anayehifadhi data kwa niaba ya mwenye data, bila haki ya kuzitumia kwa manufaa yake.

(d) Stakabadhi ya data: maandishi ya mtunza data yanayotaja data alizopokea, mahali zilipo, idadi ya nakala na masharti ya kuzirudisha.

(e) Nakala ya akiba: nakala kamili iliyowekwa mbali na ghala la kwanza na isiyotegemea mtunza data huyohuyo.

(f) Usimbaji: kugeuza data zisisomeke bila ufunguo.

(g) Mnaso: hali ya mwenye data kushindwa kuhama kwa sababu ya ada, umbo la data au masharti ya mkataba.

(h) Haki ya kuhama: haki ya kuchukua data zote katika umbo linalosomeka kwa programu za wengine, ndani ya muda uliotajwa.

(i) Mamlaka juu ya data: uwezo unaotekelezeka wa kuamua mahali, matumizi, uhamishaji na ufutaji wa data.

9. Hitimisho

Istilahi hizi zinaletwa kwa wasomaji ili zijadiliwe kabla hazijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji. Tungependa kupata maoni ya wahasibu, wanasheria, viongozi wa vyama vya ushirika na mafundi wa kompyuta, hasa kuhusu 'mnaso' na 'stakabadhi ya data', ambazo ni mpya katika matumizi haya. Wenye istilahi bora zaidi watuletee, pamoja na mifano ya sentensi za mikataba ambamo zaweza kutumika.

Wakati mjadala ukiendelea, mwenye biashara hana haja ya kuisubiri kamati. Kesho aweza kumwandikia mtunza data wake na kumwuliza yale maswali matano. Akijibiwa kwa maandishi, ameanza kuwa na stakabadhi. Asipojibiwa, amejua daftari lake liko mikononi mwa mtu wa namna gani, na bado ana nafasi ya kulinakili.